Morani Asiye na Jina

Bila shaka, msomaji, picha hiyo umepata kuiona. Kijana mrefu wa Kisamburu amesimama juu ya mwamba kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili ameuegemeza penye goti, mkuki u mkononi mwake, na nyuma yake jua linazama na kuacha mbingu nyekundu kama kaa la moto. Wasafiri huinunua madukani kama kadi, mahoteli huitundika ukutani, na wachapaji huipambia kalenda. Watu huisifu kuwa ni picha ya morani. Nataka tuitazame kwa jicho la mhakiki, maana mwanafunzi atumiaye mwaka mzima kuchambua shairi na riwaya aghalabu huimeza picha bila kuitafuna.

Kasoro yake ya kwanza ni ya ufundi. Mpiga picha amelielekea jua, na kamera, kwa kuipima nuru ya mbingu, imemfanya mtu kuwa kivuli. Macho, kinywa na paji la uso vyote vimezimwa. Kilichobaki ni umbo, na umbo hilo laweza kuwa la yeyote aliyeshika fimbo ndefu. Ukimwambia mwenzako kuwa ni mwalimu wako aliyesimama pale, hana ushahidi wa kukukanusha, ila labda kwa habari ya urefu. Picha ya mtu isiyoonyesha uso ni picha ya machweo tu.

Zile zipigwazo kwa karibu ni bora zaidi, na baadhi yake ni nzuri kweli. Hatupaswi kuwanyima wapigaji haki yao. Mwanga wa asubuhi kando ya mto Ewaso Nyiro huja kwa upande, ukatambaa juu ya nywele ndefu zilizosokotwa na kupakwa udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, ukashuka shavuni, ukafika penye shanga za shingoni. Mpiga picha aliyengojea saa hiyo anaijua kazi yake. Lakini shusha macho usome maneno yaliyo chini: Morani wa Kisamburu, Kaskazini mwa Kenya. Mtu tumeonyeshwa hata vitundu vya ngozi yake, na jina lake hatukuambiwa. Angekuwa askofu au meya wa London, je, wangethubutu kuandika chini yake, Mzungu mwenye joho?

Upungufu huu si wa adabu peke yake. Waharibu na maana ya picha. Umorani si kabila wala si kazi ya maisha. Ni daraja ya umri. Kijana hutahiriwa, huingia katika rika lake, huwa lmurrani kwa miaka 10 na zaidi; kisha rika jipya hufunguliwa, naye huoa, huyaacha mapambo ya ujana na kuanza safari ya uzee. Rika la Lmooli lilianza mwaka 1990, na rika la Lkishami likalifuata mwaka 2005. Basi kijana wa Lmooli aliyepigwa picha mwaka 1995 leo ni mzee wa boma, na huenda mwanawe ameketi katika darasa kama lako akisoma kitabu hiki. Katika kadi, hata hivyo, yeye angali shujaa wa miaka 20, hana jina, hana mwaka. Wasamburu huhesabu miaka yao kwa marika. Mpiga picha amewaondolea hesabu hiyo, akawaweka mahali pasipo na wakati.

Tena iko habari ya saa ya mkononi. Wapo wapiga picha ambao, kabla ya kubonyeza kamera, humtaka kijana avue saa yake, aifiche simu, na asimame mbali na pikipiki, ili picha iwe ya asili. Neno hilo asili lastahili kupimwa. Shanga zile za kioo zinazopendeza machoni pao hazikuchimbwa katika milima ya Ndoto. Zililetwa na biashara kutoka ng'ambo, na nyingi zimetengenezwa Ulaya, katika nchi ya Ucheki. Shuka aliyojifunga ilifumwa kwa mashine kiwandani. Wasamburu walivipokea vitu hivyo, wakachagua rangi wazipendazo, wakavitia katika desturi yao mpaka vikawa vyao. Saa nayo imepita katika mlango ule ule. Aiachaye shanga na kuivua saa haitafuti asili ya Msamburu, bali anatengeneza mtu wa ndoto yake mwenyewe na kumtafutia kijana wa kumvisha.

Ndoto hiyo si ya jana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa Joy Adamson kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya, kwa hofu kuwa mavazi na desturi zao zilikuwa karibu kupotea. Michoro yake i katika makumbusho ya Nairobi, na kitabu chake juu ya watu wa Kenya kilitoka mwaka 1967. Mwaka 2013 Mwingereza Jimmy Nelson alitoa kitabu kikubwa cha picha za makabila ya dunia, Wasamburu wakiwamo, akakiita Before They Pass Away, yaani kabla hawajatoweka. Mwaka uliofuata shirika la Survival International lilikikosoa vikali. Kati ya wito wa kwanza na wa pili imepita miaka zaidi ya 60, na Wasamburu leo ni zaidi ya 300,000. Ningemsifu Adamson kwa jambo moja: mchoraji hana budi kuketi na mtu kwa saa nyingi, ila kamera yaweza kumchukua mtu kwa sehemu ndogo ya nukta na kwenda zake.

Wengine hulaumu fedha, wakisema kuwa morani alipwaye ili asimame ameiuza mila. Siafikiani nao. Ajipambaye kwa saa nzima na kusimama juani kwa ajili ya mgeni amefanya kazi, na kazi ina ujira. Haki ya picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga. Kadi iuzwapo mara elfu, aliyesimama hapati senti zaidi ya zile za siku ile. Kwa hiyo mapatano yafanywe kabla, na yahusu pia mahali picha itakapokwenda. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamhusu kila mtu nchini. Mwaka 2023 mahali pa starehe katika Nairobi palitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Uso wa Maralal si rahisi kuliko uso wa Nairobi.

Siku hizi wamorani wenyewe wana simu, nao hupigana picha. Zitazame upatapo nafasi. Vijana wawili watatu wamesimama bega kwa bega, maua ya plastiki vichwani, saa mikononi, na nyuma yao ni pikipiki. Mwanga mara nyingi ni mbaya, na mmoja kichwa chake kimekatwa na ukingo. Wanacheka, jambo ambalo katika kadi za madukani ni nadra kuliona, na yule aliyeshika simu anawajua wote kwa majina.