Farasi katika Asubuhi ya Theluji

Mwaka 1684 mshairi wa Kijapani, Matsuo Bashō, alianza safari ndefu iliyozaa kitabu kiitwacho Nozarashi kikō. Humo mna shairi la mizani 17, mizani moja tu zaidi ya mshororo wa tarbia. Juu yake pametiwa dokezo fupi kwamba anayetazamwa ni msafiri. Lakini shairi lenyewe halimtaji. Linataja farasi, theluji na asubuhi, basi.

Uzito wote umebebwa na kiungo kidogo, sae, ambacho kwa Kiswahili ni hata. Katika Japani ya zama hizo farasi aliyebeba mizigo na wasafiri alikuwa jambo la kila siku. Akipita mlangoni, hakuna aliyegeuza shingo. Theluji ikishaanguka, hata yeye anatazamwa. Na kitenzi alichokichagua Bashō, nagamu, si kuona tu. Washairi wa kasri walikitumia kwa kutazama kwa muda mrefu, moyo ukiwa umezama katika fikra. Kumpa farasi wa njiani kitenzi hicho ni ujasiri, na ujasiri huo ndio uzuri wa shairi. Weupe wa theluji ni sababu yake tu.

Mfasiri wa pwani hudhani kwamba kikwazo chake ni theluji. Sivyo. Theluji ina jina lake, lililotoka katika Kiarabu, na msomaji wa Unguja asiyewahi kuikanyaga anaweza kuiwaza. Anayeiondoa na kuweka kipupwe mahali pake ndiye anayeliharibu shairi, kwani kipupwe hakigeuzi sura ya njia kwa usiku mmoja. Kikwazo ni farasi. Kwa Waswahili farasi ni mnyama wa fahari. Ukisema "hata farasi", msikilizaji atauliza: hata ya nini, naye ni wa kutazamwa siku zote? Anayestahili hata hiyo ni punda wa Lamu, mwenye mawe mgongoni, anayepishwa vichochoroni bila ya kutupiwa jicho.

Hata hivyo, kumfanya farasi wa Bashō kuwa punda ni kumnyang'anya Mjapani barabara yake. Afadhali aachwe farasi, ila atwikwe mzigo waziwazi: farasi wa mizigo. Mizani zitazidi, na wenye kuhesabu kwa vidole watanung'unika. Wacha zizidi, yule mnyama amekwishaonekana.