Kumkagua Asiye na Kibali: Mbinu za Mabaraza ya Mikoa ya New Zealand

Mfugaji wa mkoa wa Waikato, New Zealand, mwenye ng'ombe 500 wa maziwa, anaweza kunyunyizia kwenye malisho yake maji machafu yote ya banda la kukamulia bila kuomba kibali. Hajazi fomu, halipi ada, wala jina lake haliingii kwenye daftari la vibali. Anachodaiwa ni kufuata masharti yaliyoandikwa katika mpango wa mkoa. Sheria inaiita hiyo shughuli inayoruhusiwa, na kwa baraza la mkoa ndiyo ngumu kuliko zote kuifuatilia, kwa sababu mhusika hakupita ofisini.

Mabaraza haya yalipatikana katika mageuzi ya serikali za mitaa ya mwaka 1989, na mipaka yake kwa sehemu kubwa inafuata mabonde ya mito. Mabaraza ya mikoa yako 11. Katika maeneo mengine machache, kama Gisborne, halmashauri moja hubeba majukumu ya mkoa na ya wilaya kwa pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali ya mwaka 1991 ilipanga shughuli katika madaraja sita, kuanzia zinazoruhusiwa hadi zilizopigwa marufuku. Kifungu cha 35 kinalitaka baraza lifuatilie vibali lilivyotoa. Shughuli zinazoruhusiwa hazikutajwa kwa uwazi huo; zinaingia kupitia wajibu mpana wa kupima hali ya mazingira na kuangalia kama kanuni za mpango zinafanya kazi.

Basi baraza linakagua nini? Jibu liko kwenye maneno ya kanuni yenyewe. Mpango wa Waikato unasema kila unyunyiziaji usizidi kina cha milimita 25, naitrojeni isizidi kilo 150 kwa hekta kwa mwaka, na maji machafu yasituame juu ya ardhi wala kutiririka hadi mtoni. Bwawa la kuhifadhia nalo lisakafiwe kiasi kwamba maji yasipenye kwa kasi inayozidi sehemu moja ya bilioni ya mita kwa sekunde.

Masharti hayo hayalingani kwa ugumu wa kuyathibitisha. Dimbwi juu ya nyasi linaonekana kwa macho, na ofisa hulipiga picha papo hapo. Milimita 25 zinapimika pia: unapanga vyombo vya kukingia kwenye njia ya mtambo wa kunyunyizia, unauacha upite, kisha unapima kina cha maji. Kilo 150 za naitrojeni hazionekani. Hapo ofisa anategemea hesabu ya idadi ya ng'ombe na ukubwa wa eneo linalonyunyiziwa. Kasi ya upenyaji chini ya bwawa lililojaa haiwezi kujulikana kwa kulitazama, na mfugaji asipokuwa na cheti cha mhandisi mjadala unakuwa mrefu.

Kazi ya kwanza, hata hivyo, ni kuamua uende shamba gani. Waikato ina maelfu ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa, na kuyapita yote kwa gari ni kazi isiyokwisha. Baraza likatumia helikopta. Kutoka angani, kasoro kubwa hazifichiki: bwawa linalofurika, mtambo uliokwama sehemu moja na kuacha doa jeusi kwenye malisho, mfereji unaotoka bandani kuelekea kijitoni. Ndege ilipita bila taarifa, hivyo mfugaji hakupata nafasi ya kusafisha kwa ajili ya mgeni. Majira nayo yana uzito wake. Ng'ombe wengi huko huzaa kati ya Julai na Septemba, udongo ukiwa umelowa. Kwa kawaida kila ng'ombe anayekamuliwa hukadiriwa kuleta lita 50 za maji machafu kwa siku, maana yake ng'ombe 500 wanatoa lita 25,000. Asiye na bwawa la kutosha atanyunyizia tu, hata mvua ikinyesha.

Linaloonekana angani linathibitishwa chini. Kifungu cha 332 kinampa ofisa mamlaka ya kuingia shambani wakati unaofaa, isipokuwa ndani ya nyumba ya kuishi, na kuchukua sampuli za maji na udongo. Lazima aonyeshe kitambulisho chake. Asipomkuta mwenyeji, anaacha taarifa ya maandishi mahali pa kuonekana, yenye jina lake, tarehe na saa. Taratibu hizi zikirukwa, mwenye shamba anapata pa kuushambulia ushahidi kesi ikifika mahakamani.

Baada ya ukaguzi, shamba hupewa daraja. Mwongozo uliotolewa na Wizara ya Mazingira mwaka 2018 unapendekeza madaraja manne: kutii kikamilifu, kisha ukiukaji wenye athari ndogo, za wastani na kubwa. Hatua hupanda kulingana na daraja: barua ya onyo, amri ya kusitisha au kurekebisha, faini ya papo kwa papo, hatimaye mashtaka. Kwa miaka mingi faini hiyo kwa kumwaga uchafu majini ilikuwa dola 750 za nchi hiyo, huku adhabu ya mahakama kwa kampuni ikifika dola 600,000. Pengo hilo ndilo lililoyafanya mabaraza yapime kwa makini ni kesi ipi inastahili gharama za wakili.

Kuna suala la fedha. Mwenye kibali hutumiwa ankara ya ukaguzi wake. Asiye na kibali, kwa kawaida, hakukuwa na pa kumtoza, hivyo gharama ilibebwa na walipa kodi wa mkoa mzima. Kanuni za kitaifa za misitu ya kupandwa, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2018, zilijaribu kuziba tundu hilo. Anayetaka kuvuna miti au kuchimba barabara za msituni alipaswa kulitaarifu baraza kati ya siku 20 na 60 za kazi kabla ya kuanza, kuandaa mpango wa kazi, na kanuni zikaliruhusu baraza kutoza ada ya ukaguzi. Shughuli ilibaki haihitaji kibali, lakini baraza lilijua nani yuko wapi, anaanza lini, na nani atalipa. Kanuni za maji baridi za mwaka 2020 zilifuata njia hiyo: mbolea ya naitrojeni ya viwandani kwenye malisho ikawekewa kikomo cha kilo 190 kwa hekta kwa mwaka, na wafugaji wa maziwa wakatakiwa kupeleka takwimu zao kila tarehe 31 Julai.

Helikopta ilisaidia kuwanasa waliokwisha kuchafua. Taarifa ya awali, masharti yanayopimika shambani na ada ya ukaguzi ndivyo vilivyoliwezesha baraza kufika kabla ya uchafuzi. Nchi inayotaka kupunguza vibali ili kurahisisha biashara na iyaandike hayo matatu ndani ya kanuni kwanza, ndipo ifute fomu.