EAGLE: Picha nzuri, lakini jibu limetoka wapi?

Huenda umeziona picha za EAGLE, uigaji wa ulimwengu kwa kompyuta uliotangazwa mwaka 2015 na kundi la Joop Schaye wa Leiden, Uholanzi. Ndani ya mchemraba wenye upana wa miaka ya nuru milioni 326 hivi, galaksi zinakua na nyingine zinaacha kabisa kuzaa nyota. Idadi yake, kubwa kwa ndogo, inakaribiana sana na ile inayohesabiwa kwa darubini. Basi utasikia watu wakisema: tumeshajua nini kinadhibiti uzaaji wa nyota. Ngoja kwanza.

Galaksi yetu ina gesi baridi yenye uzito wa Jua mara bilioni moja na zaidi. Uvutano ukiachiwa peke yake, tungepata nyota mpya zenye uzito wa majua mamia kila mwaka. Tunapata moja au mbili tu. Mbona taratibu hivyo? EAGLE haijibu. Kasi ya gesi kugeuka nyota ilichukuliwa kutoka kwenye vipimo vya galaksi halisi, ikawekwa ndani.

Kuna na jambo la pili. Chembe moja ya gesi humo ina uzito wa majua milioni 1.8, kwa hiyo mlipuko wa nyota moja hauonekani kabisa. Nguvu ya milipuko na ya mashimo meusi ilirekebishwa mpaka idadi na ukubwa wa galaksi vikafanana na vya angani. Wenyewe walisema hivyo wazi, hawakuficha. Kosa ni letu tunaoichukua picha kama ushahidi. Mwanafunzi aliyeonyeshwa majibu humsifii kwa kuyapata.

Tena, IllustrisTNG imetumia mashimo meusi yanayofanya kazi kwa namna nyingine: badala ya kupasha gesi joto tu, yanaisukuma kama upepo. Idadi ya galaksi ikatoka karibu ileile. Kwa idadi pekee huwezi kujua nani yuko sahihi.

Mimi EAGLE naithamini kwa yale ambayo haikurekebishwa kuyapata. Kwa mfano, kasi ya uzaaji wa nyota kulingana na uzito wa galaksi ilitoka chini kuliko iliyopimwa. Hapo ndipo kuna la kujifunza. Kwa hiyo ukikutana na uigaji mwingine, uliza: kipi kiliingizwa, na kipi kimejitokea chenyewe?