Milango ya Simbamwene

Likitajwa kasri la kale nchini, fikra hukimbilia Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, iliyojengwa kwa matumbawe na chokaa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Sawa. Lakini Morogoro nayo ilikuwa na jumba la mtawala chini ya milima ya Uluguru, katika mji wa Simbamwene ulioanzishwa na Kisabengo karne ya 19 na baadaye kutawaliwa na bintiye. Jumba hilo halitembelewi na watalii, nasi tumezoea kupima ufundi kwa magofu: penye gofu palikuwa na mafundi, pasipo na gofu palikuwa na vibanda tu. Kipimo hicho kinawadhulumu maseremala.

Shahidi ni Henry Morton Stanley, aliyepita hapo mwaka 1871, wala hakuwa mtu wa kumsifu Mwafrika bure. Anaeleza mji wa pembe nne, kila pembe na mnara wake wa mawe, na malango manne, kila moja likitazama upande wake wa dunia. Jumba lilikuwa la mtindo wa pwani, lenye paa refu la mteremko, upenu mpana na baraza mbele. Milango ya malango hayo, ya mbao ngumu zilizojaa nakshi ndogondogo, ndiyo iliyomshughulisha zaidi. Alikisia ilichongwa Unguja au pwani, ikabebwa ubao kwa ubao. Halafu akakubali kwamba huenda ni kazi ya mafundi wa palepale, maana nyumba kubwa za mjini nazo zilikuwa na milango ya namna hiyo, ila nakshi zake zilipungua kidogo.

Hapo pana uzito kuliko katika kisio lake. Mlango mmoja wa fahari hununuliwa. Milango mingi ya ufundi uleule, mingine mizuri zaidi na mingine kidogo, hudokeza karakana inayohudumia wateja wa mifuko tofauti. Tena mlango wa nakshi si bidhaa ya kushusha begani na kusimamisha. Fremu lazima ikae wima ukutani, mbao mbili zikutane sawasawa, na mfaa ufunike ule mwanya wa katikati. Fremu ikipinda kidogo, mlango haufungi. Hata kama mbao zilitoka Bagamoyo, mwenye tezo na patasi alihitajika Simbamwene.

Mtu atasema nakshi yenyewe ni ya pwani, basi sifa ni ya pwani. Lakini Kilwa hatuinyang'anyi Husuni Kubwa kwa kuwa mapambo yake yana ndugu ng'ambo ya bahari. Pingamizi la pili ni zito zaidi: Kisabengo alisifika kwa uporaji na utekaji watu. Kweli, na masultani wa Kilwa nao hawakuwa watawa. Kusifu mkono wa seremala si kumtakasa bwana aliyemlipa, kama alimlipa.

Na wanaodai kwamba jiwe pekee ndilo ushahidi, wamsome Stanley aliporejea mwaka 1872: mafuriko ya mto Ngerengere yalikuwa yamezoa ukuta wote wa mbele, pamoja na nyumba zipatazo 50. Simbamwene, mawe nayo yalikwenda na maji.