Pua Bapa Madhabahuni

Yapo mahubiri ambayo binti yeyote wa Mbeya au Iringa aliyepita kipaimara ameyasikia walau mara moja. Mhubiri anafika kwenye urembo, sauti inapanda. Anaanza na kucha, anapitia kope za bandia, anamalizia na pua: hao wanaojichora pua zionekane nyembamba wanamsahihisha Muumba. Waumini wanacheka. Bibi harusi wa wiki iliyopita anainamisha kichwa. Nataka kuyapinga mahubiri hayo, si kwa sababu ni makali, bali kwa sababu yanamchapa mwanafunzi na kumwacha mwalimu wake akae salama.

Tuyatazame kwanza mambo yenyewe. Kwetu, kazi ya kuitengeneza pua mara nyingi huanza kabla mtoto hajatimiza siku arobaini. Bibi anapomwogesha mjukuu hupaka mafuta vidole viwili, huibana pua pale kati ya macho na kuivuta kuelekea chini, kila asubuhi, isije ikakaa bapa. Hana ubaya wowote moyoni. Anafanya kazi ya upendo. Ila pua ya mtoto mchanga ni gegedu laini ambalo huenda lilibanwa wakati wa kuzaliwa, nalo hujinyoosha lenyewe baada ya siku chache. Bibi anaona imenyooka, anadhani ni vidole vyake. Umbo litakalodumu hufuata urithi wa baba na mama, na huendelea kukua hadi ujanani. Wauguzi wanapokataza jambo hili wana hoja nzito kuliko ya urembo: mchanga hupumua zaidi kwa pua, na ukimbana pua unambana pumzi.

Binti akikua anakutana na vibanio vya plastiki vya kuvaa usiku. Havibadilishi mfupa wala gegedu la mtu mzima. Vinaacha alama nyekundu na maumivu. Kisha kuna kontua, ambayo maharusi wa Mwanjelwa na Miyomboni wanaijua vizuri: poda nyeusi kidogo pembeni mwa pua, mstari mweupe katikati, taa ya mpiga picha inamalizia. Jioni ni maji na sabuni tu. Siioni dhambi kubwa hapo, na namshangaa mhubiri anayeiona kubwa kuliko deni la ukumbi. Jambo zito ni sindano ya fila, ambayo hutolewa katika miji mikubwa na kutangazwa kwenye simu zinazofika hata vijijini. Sindano hiyo haipunguzi pua. Huongeza kitu chini ya ngozi ili mgongo wa pua uinuke na pua ionekane nyembamba. Ile ya asidi ya hayaluroniki huyeyuka mwilini baada ya miezi kadhaa au mwaka hivi, na mtu hulipa upya. Ikiingia ndani ya mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, hata jicho likapofuka, kwa maana mishipa ya pua inaungana na ile ya jicho.

Sasa swali ambalo mhubiri halifikii: nani alimwambia bibi yule kwamba pua bapa ni kasoro?

Ingia katika nyumba nyingi za Walutheri, kuanzia Tukuyu hadi Ilula, utazame ukutani. Utamkuta Yesu wa Warner Sallman, au mdogo wake aliyenakiliwa kwenye kalenda. Sallman alikuwa Mmarekani wa Chicago, mchoraji wa matangazo ya biashara, na uso huo aliupaka rangi mwaka 1940. Umechapishwa kwa mamia ya mamilioni. Ukiutazama kama mchoro, na si kama sala, utaona ufundi wake wote uko kwenye mwanga: paji la uso linang'aa, mgongo wa pua unang'aa, pembeni kuna kivuli. Kwa lugha ya saluni, Yesu huyu amepigwa kontua. Halafu ikaja filamu ya mwaka 1979, Yesu wake akiwa mwigizaji Mwingereza, Brian Deacon, nayo ikaonyeshwa kwa Kiswahili usiku viwanjani juu ya shuka jeupe. Hakuna Mwinjili hata mmoja aliyeandika habari za pua ya Bwana. Tulijazwa pale alipokaa kimya Luka, kisha tunamgombeza binti kwa kujaza alichofundishwa.

Wengine watanijibu kwa Maandiko, nao wana mstari: Walawi 21:18, orodha ya vilema vinavyomzuia mwana wa Haruni asikaribie madhabahu. Msomaji aifungue Biblia yake aone pua imeandikwaje hapo. Tafsiri ya Kiingereza ya King James, 1611, inasema pua bapa. Lakini neno la Kiebrania, harum, halionekani kwa maana hiyo mahali pengine popote katika Agano la Kale, na wafasiri walipapasa gizani. Wagiriki wa Septuaginta walielewa pua iliyokatika. Vulgata ya Kilatini iliorodhesha pua ndogo, pua kubwa na pua iliyopinda, yaani karibu sote tukafukuzwa. Luther, kwa busara yake, aliandika pua ya ajabu tu. Kiarabu, ndugu wa Kiebrania, kina neno la mzizi unaofanana linalohusu pua iliyotobolewa au kupasuliwa. Yaelekea sana kwamba Walawi inazungumzia jeraha la usoni, si umbo alilozaliwa nalo Mnyakyusa au Mhehe. Tena mstari wa 22 unampa huyo mwenye kilema haki ya kula chakula kitakatifu pamoja na ndugu zake, jambo ambalo wasomaji wa mstari wa 18 hawalifikii.

Hivyo "bapa" ilikuwa bahatisho la mfasiri. Ila lilikuwa bado linasomwa wakati wataalamu wa Ulaya walipoanza kupima watu, upana wa pua ukigawanywa kwa urefu wake, na kuwapanga kwa namba hiyo. Iringa inaujua mkono wa wapimaji. Fuvu lililoko Kalenga lililorudishwa mwaka 1954 kama la Mkwawa lilichaguliwa na Gavana Edward Twining katika makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa zake. Kwa jirani zetu Rwanda, chini ya Wabelgiji, pua zilipimwa ili kumtofautisha Mtutsi na Mhutu, na mwaka 1994 wapo waliouawa kwenye vizuizi vya barabarani kwa kuonekana tu wana pua nyembamba. Nchi moja pua ndefu ni mahari, nchi ya pili ni hukumu ya kifo.

Inasikitisha kwamba Kiebrania kilekile kina hazina tusiyoitumia. Katika Kutoka 34:6, pale Mungu anapojitangaza kuwa si mwepesi wa hasira, maneno yenyewe, neno kwa neno, ni "mrefu wa pua", kwa sababu pua ni mahali pa hasira, na mwenye pua ndefu huchelewa kuwaka. Ndiyo pua ndefu pekee ambayo Biblia inamsifu nayo Mungu. Na katika Wimbo Ulio Bora 7:4 mpenzi anaisifu pua ya mchumba wake kwa kuifananisha na mnara, sifa ambayo bibi harusi wa leo angeisikia kama tusi na send-off ingevunjika.

Kwa hiyo kabla ya mahubiri ya kope na pua, usharika uitazame kuta zake, na darasa la kipaimara lisome Walawi 21 hadi mwisho wa sura. Binti akija kuniuliza habari za ile sindano, nitaanza na mshipa wa jicho. Sallman tutamzungumza siku nyingine, tukiwa na muda na chai.