Simba wa Kusikika

Filamu ya mnyama mla watu huharibika pale mnyama anapoonyeshwa mapema. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996, inayosimulia habari za simba wawili walioua wajenzi wa reli kule Tsavo, Kenya, mwaka 1898, iliwavika simba wake manyoya ya shingoni ambayo wale wa kweli hawakuwa nayo. Hilo naliacha lipite. Sauti zake ndizo zilizopata Oscar, na zilistahili. Nyasi ndefu zinatikisika, pumzi inasikika karibu, nawe hujui mnyama yuko upande gani.

Anayelinda shamba Lindi au Kilwa, kusini mwa Tanzania, ameujua ufundi huo kutokana na shida. Mahindi na mtama vikianza kukomaa, nguruwe pori huingia usiku, na mkulima huhamia dunguni, jukwaa la juu la kulindia mazao. Dungu lililojengwa vizuri ni kitu cha kukitazama kwa utulivu: nguzo zenye panda zimefukiwa hadi haziyumbi, fito zimepangwa na kufungwa kwa kamba za magome, juu nyasi au makuti ya kuzuia umande, na debe limewekwa pale mkono unapofika gizani bila kupapasa. Urefu wake ni uhai. Wengi hulala kwenye vibanda vya chini, na simba anayefuata nguruwe huwakuta humo.

Mlinzi hodari hulinda kwa masikio. Nguruwe huguna na kuvunja mabua. Hao anawajua, anapiga debe, wanatimka. Kinachomsimamisha nywele ni kelele hizo kukatika kabla hajagusa debe.

Mwaka 2005, mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 Tanzania, hasa mikoa ya kusini, na mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Mwaka 2011 Packer na wenzake wakaongeza jambo ambalo mwandishi yeyote wa filamu angelitamani: hatari hupanda siku zinazofuata mwezi mpevu. Mbalamwezi huwanyima simba windo. Kisha mwezi unaanza kuchelewa kuchomoza, giza linatanda tangu magharibi, simba wana njaa, na watu bado wako nje.

Kati ya magharibi na mwezi kuchomoza, hapo pana filamu nzima: dungu moja, walinzi wawili, debe. Atakayekuja kuitengeneza asianze na simba wa kompyuta. Apande dunguni na vinasa sauti, arekodi nguruwe, mabua, na walinzi wanavyoitana toka shamba hadi shamba. Akishaunganisha kazi yake, awasikilizishe walinzi hao kwanza, picha ikiwa imezimwa, wamwonyeshe ni wapi sauti imekosea.