Ushirikiano au Ushirikishwaji?

Wafadhili wa utafiti hudai mambo mawili: watafiti washirikiane na wenyeji, na matokeo yaifae jamii. Dai la kwanza wafasiri wetu wengi huliita ushirikishwaji. Istilahi hii haifai hapo. Ushirikiano una kiambishi -an- cha kutendana. Pande zote zatenda. Ushirikishwaji una -ish- na -w-: yuko anayeshirikisha, na mwenyeji hutendwa tu. Nduguye ni walengwa, neno la shabaha. (Porini, mlengwa ni swala.)

Jambo hili si la sarufi peke yake. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Ngara, na mashirika mengi yakawafuata Benaco. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kuwa virusi vya Marburg vimethibitishwa Biharamulo. Mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Katika hali kama hizo mtafiti humhitaji mtu ajuaye nani alimwuguza nani, nani aliuosha mwili wa marehemu, na awezaye kuyauliza hayo kwa Kihangaza au Kishubi pasipo kuudhi. Mtu huyo ni mtafiti mwenza, naye yampasa ashauriwe kabla ya fedha kuombwa.

Kwa dai la pili, manufaa ni bora kuliko umuhimu, kwani humlazimisha mwandishi kutaja anayefaidika.

Basi fomu ziandikwe ushirikiano na wenyeji. Pale wenyeji walipoitwa mkutanoni waarifiwe tu, ushirikishwaji ubaki. Hapo neno hilo lasema kweli.